Kabla Hujatia Saini Orodha ya Masomo

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wetu mlioketi hapo mbele, shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu mnaosafiri mwezi wa tisa kwenda kusoma Granada, kule Hispania, hongereni sana. Najua kwa sasa visa ndiyo inayowakosesha usingizi, na jioni hii wapo watakaowaeleza habari za visa vizuri kuliko mimi. Mimi nimekuja kwa ajili ya karatasi moja tu, ambayo wengi wenu mtaijaza usiku mmoja, simu ikiwa asilimia nane, ili tarehe isiwapite: orodha ya masomo mtakayosoma kule kwa muhula mzima.

Niliomba mwenyewe niizungumzie karatasi hiyo, kwa sababu ilinigharimu.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma historia. Nilipopata nafasi ya kwenda, nilifungua tovuti ya chuo kitakachonipokea, nikaweka pembeni orodha ya masomo yangu ya hapa nyumbani, nikawa natafuta majina yanayolingana. Historia ya uchumi hapa, historia ya uchumi kule, nikanakili. Mbinu za utafiti hapa, mbinu za utafiti kule, nikanakili. Saa moja haikuisha nimeshapata matano. Nikampelekea mkuu wa idara wa wakati huo, akaitazama orodha akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Hayo yako sawa mwanangu, nenda salama." Nikaenda.

Wiki ya kwanza tu orodha yangu ikaanza kubomoka. Masomo mawili yalikuwa Jumatatu na Jumatano saa ile ile, kila moja kwenye jengo lake. La tatu lilikuwa la mwaka mzima. Linaanza Septemba linaisha Juni, na mimi nilitakiwa niwe nimerudi nyumbani Februari. La nne lilikuwa la mwaka wa nne, na mwalimu alikuwa akiendeleza mazungumzo aliyoyaanza na wanafunzi wale wale miaka miwili nyuma. Katika matano nikabaki na mawili. Mengine nikayaokoteza ndani ya siku kumi, nikizunguka na karatasi ofisi kwa ofisi. Niliporudi nyumbani, mkuu wa idara alikuwa ameshabadilika, ruhusa niliyopewa mlangoni haikuwa imeandikwa popote, na masomo mawili niliyofaulu kule hayakuhesabiwa. Ikanibidi nirudi darasani muhula mmoja zaidi kuziba pengo. Mkopo ulikuwa umefika mwisho wake, kwa hiyo ada ya muhula ule aliilipa mama, kwa fedha za mgahawa wake wa pale Ngamiani, Tanga.

Sikuonewa na mtu. Nilikosa tu wa kunikalisha chini akanieleza haya ninayotaka kuwaeleza leo, na ndiyo maana nina haraka ya kuyasema kabla hamjatia saini.

Tuanze na majina ya masomo, maana ndiko nilikopotelea. Jina la somo kwenye tovuti halikwambii kitu. Kule Hispania kila somo la chuo kikuu lina hati yake, na ipo wazi kwa yeyote, huhitaji neno la siri. Wenyewe wanaiita guía docente. Ni kurasa chache tu, lakini ndani yake kuna mada zote, vitabu, lugha ya kufundishia, masomo unayotakiwa uwe umeshayapita, saa za mwalimu kuonana na wanafunzi, na namna utakavyopimwa. Msizisome mada kwanza. Mada zinavutia, kila mwalimu anajua kuzipamba. Nendeni moja kwa moja penye neno evaluación, yaani upimaji, mwone alama zinatoka wapi.

Hapo mtakuta njia mbili. Ipo evaluación continua: alama zinakusanywa kidogo kidogo, kazi za vikundi, majaribio madogo, mazungumzo ya darasani, halafu mtihani wa mwisho unabaki na sehemu yake. Na ipo evaluación única final, mtihani mmoja mwishoni unaobeba kila kitu, ambao mwanafunzi huuomba mwenyewe mwanzoni mwa muhula akiwa na sababu. Sisi tumelelewa kwenye testi mbili na UE, yaani mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, kwa hiyo mtu wetu akiona mtihani mmoja wa mwisho anaona raha: nitakesha wiki mbili, nitapita. Nawasihi msifanye hivyo. Kukesha kunasaidia ukijibu kwa lugha uliyoizoea. Januari, kwenye chumba cha mtihani, una saa tatu za kuandika kwa Kihispania peke yako, na neno likikukimbia hakuna wa kukusaidia kulitafuta. Ile ya kidogo kidogo inakupa nafasi ya kukosea Oktoba na kujirekebisha Novemba. Masharti yake ni kuhudhuria, na kuhudhuria kunatupeleka kwenye ratiba.

Kabla ya ratiba, maneno manne ambayo yamewaponza wengi. Curso, kwa Hispania, ni mwaka wa masomo; ukiona tercer curso ujue ni somo la mwaka wa tatu. Somo lenyewe ni asignatura. Cuatrimestre ni muhula, na ukiona somo limeandikwa anual basi ni la mwaka mzima, liache, hata kama mada zake zinakutoa machozi. Optativa ni somo la kuchagua, na kwenye digrii zao za miaka minne na krediti 240 (krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi, nitakirudia), optativa nyingi ziko mwaka wa tatu na wa nne. Nyingi ni nzuri sana na madarasa yake ni madogo. Angalia tu kama somo linasimama lenyewe au linategemea lililotangulia.

Sasa ratiba. Ratiba inaitwa horario, na somo moja linaweza kuwa na kundi la asubuhi na kundi la alasiri, kwa hiyo tazameni herufi ya kundi pia. Madarasa ya jioni yanaweza kwenda mpaka saa mbili au saa tatu za usiku, na kule hilo si jambo la ajabu. Watu wanakula chakula cha usiku saa nne. Halafu kuna umbali. Granada ni mji wa kutembea kwa miguu, lakini chuo chake, kilichoanzishwa mwaka 1531, kimetawanyika mji mzima. Sheria iko katikati ya mji. Tafsiri na ukalimani wako kwenye jumba la zamani mtaa wa Puentezuelas. Fasihi na historia ziko juu mlimani Cartuja, na mlima ule mtaufahamu kwa magoti. Ukichukua somo moja Cartuja linaloisha saa sita kamili na lingine mjini linaloanza saa sita kamili, umeshachelewa kila wiki kabla hujaanza. Chukueni karatasi, choreni Jumatatu hadi Ijumaa, wekeni kila somo na jengo lake. Ni kazi ya nusu saa, na mimi ningeifanya, nisingezunguka na karatasi ofisi kwa ofisi nikiwa na Kihispania cha miezi minane.

Na lugha je? Vyuo vingi huomba kiwango cha B1, yaani cha kati katika vipimo vya lugha vya Ulaya, vingine B2 kilicho juu yake, na kuna wanaosema bora uchukue masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza ili usalimike. Mimi nasema chukua moja ukiogopa, lakini usijaze orodha nzima. Utakaa miezi mitano Granada ukiishi na wageni wenzako, ukirudi na Kihispania cha kuagizia chai. Na mzungumzaji wa Kiswahili ana faida kule ambayo wenzake wa mataifa mengine wanamwonea wivu. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinasikika kama zetu. Mkazo wa maneno yao mengi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Sokoni utaona azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni; wao waliyapata kwa Waarabu waliokaa kwao, sisi kwa Waarabu waliovuka na pepo za kaskazi. Mesa ni meza, bandera ni bendera, hizo tulizipata kwa Wareno, ndugu zao. Wanapoagana wanasema hasta mañana, yaani mpaka kesho, na hiyo hasta yao ni hata yetu, ile ya "tangu siku hiyo hata leo": zote mbili zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu.

Lakini msije mkadhani mtaelewa siku ya kwanza. Watu wa Andalusia, jimbo ilimo Granada, wanakula mwisho wa maneno. Pescado, samaki, wao ni pescao. Más o menos, yaani takriban, inakuwa ma o meno. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akizungumza kwa kasi nikawa najisikia kama nimekaa nyuma ya basi linalopita kwenye makorongo. Kwa hiyo mkichagua, fikirieni masikio yenu. Somo ambalo mwalimu anaonyesha picha, ramani au namba litakubeba wakati lugha haijakukaa. Historia ya sanaa: tao limeonyeshwa ukutani, mwalimu anasema arco de herradura, unaliona limepinda kama kiatu cha chuma cha farasi, umeshajifunza neno na kitu chenyewe. Jiografia, akiolojia, takwimu, uhasibu ni hivyo hivyo. Fasihi na falsafa ni tamu, lakini riwaya tano kwa muhula kwa mtu wa B1 ni kilio. Chukua moja kama moyo unakutuma, usichukue tatu. Na kozi ya lugha yenyewe ifanye, chuo kina kituo chake cha lugha. Uliza tu mapema kama idara yako ya huku itaihesabu.

Siku ya kwanza darasani, msalimie aliyekaa jirani yako. Nasema hili kwa uzito wote. Vikundi vya kazi vinaundwa wiki ya kwanza, mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mgeni aliyenyamaza anajikuta hana kikundi. Mimi nilimwomba kalamu msichana aliyekaa mbele yangu ingawa nilikuwa na kalamu mbili kwenye mkoba. Ndiye aliyekuja kunisahihishia vitenzi vyangu muhula mzima, na Januari, baridi ilipokuwa kali, tulisomea kwao kwenye ile meza yao ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika chini na kifaa cha joto ndani yake, miguu yetu sote ikiwa chini ya kitambaa. Mama yake alikuwa anatuletea machungwa yaliyomenywa. Baridi, jamani, chukueni soksi. Mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na milima ya theluji inaonekana kutoka dirishani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonileta.

Katika yale masomo niliyookoteza, moja lilikuwa la historia ya al-Andalus, yaani Hispania ya wakati wa utawala wa Waislamu. Halikuwa na mwenzake kwenye orodha ya idara yangu, ndiyo maana mwanzoni sikulitazama. Nililichukua kwa sababu lilikuwa na nafasi na lilikaa vizuri kwenye ratiba. Wiki ya saba mwalimu akatupeleka Alhambra, ile ngome yenye makasri ya wafalme wa Kiislamu wa Granada. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile, mawe bado yana maji. Tukaingia kwenye ua wenye bwawa refu na vichaka vya mihadasi pande mbili, tukasimama chini ya ukuta wa lipu iliyonakshiwa kuanzia kiunoni hadi juu. Mwalimu akanyoosha mkono kwenye ukanda wa maandishi unaojirudia, akauliza nani anaweza kusoma. Tulikuwa kama ishirini. Kimya.

Nikasogea. Herufi zilikuwa zimepindapinda na kuingiliana kama mizizi ya mkoko, lakini alifu ni alifu popote. Nikaiona lamu, nikaiona ghaini, nikaanza kuzifuata kwa kidole bila kugusa ukuta, kama maalim alivyokuwa akitufuatisha kwa kijiti juu ya juzuu kule Tanga. Wa la ghaliba illa Allah. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo kaulimbiu ya wafalme wa Banu Nasr, waliotawala Granada zaidi ya miaka 250 mpaka walipoukabidhi mji tarehe 2 Januari 1492. Mwalimu akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamjibu, chuoni. Akadhani namaanisha chuo kikuu. Ikabidi nimweleze kuwa kwetu pwani, chuo ni pale pia watoto wanapokaa mkekani alasiri kusoma Kurani, na kwamba mimi nilikuwa na miaka saba.

Wiki iliyofuata, darasani, akaniletea jina la Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Nikafurahi, nikamwambia huyu namjua tangu sekondari, alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji. Mwalimu akasema, unajua nani aliyeziandika habari hizo? Nikasema, yeye mwenyewe. Akatikisa kichwa. Miaka kama ishirini baada ya Kilwa, Ibn Battuta alifika Granada, na humo alikutana na kijana mwandishi mzaliwa wa mji ule aitwaye Ibn Juzayy. Baadaye, huko Fez, Morocco, kwa amri ya sultani, kijana huyo ndiye aliyeziandika safari zote kwa kusimuliwa na msafiri, kazi ikakamilika mwaka 1355. Maneno yale ya Kilwa ambayo tumeyakariri kwa ajili ya mtihani yalipita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Nilikuwa nimesoma historia miaka mingi, na ilinibidi nifike kule nilijue hilo. Kazi yangu ya muhula niliiandika juu yao wawili, kurasa 12, nikapata 9 kati ya 10.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili: katika orodha yenu liwemo somo moja ambalo hapa nyumbani hamlipati. Hapa tuna walimu wazuri wa mbinu za utafiti. Hamhitaji kupanda ndege kwenda kuzisoma. Anayesoma utalii akasome namna Alhambra inavyopanga wageni wake kwa saa. Anayesoma kilimo akatafute somo la mizeituni au la umwagiliaji, maana Andalusia wana mifereji ya tangu enzi za Waarabu ambayo bado inapitisha maji. Binti mmoja wa sheria aliniuliza wiki hii achague nini, kwa kuwa mfumo wetu wa sheria tuliurithi kwa Waingereza na wao wana mfumo wao wa sheria zilizokusanywa kwenye vitabu. Nilimshauri achukue sheria ya kimataifa, itakayohesabika bila ubishi, na sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu sisi tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na tunahitaji wanasheria walioona jumuiya nyingine kwa karibu. Sheria ya ardhi ya Hispania nilimwambia aiache.

Na lile somo la al-Andalus ndilo mojawapo ya mawili ambayo hayakuhesabiwa niliporudi. Lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kusoma, na kwenye transkripti yangu halipo. Hapa ndipo karatasi inapoingia.

Mnaokwenda kwa Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, mna mkataba wa masomo wenye saini tatu: yako, ya chuo chako, na ya chuo kinachokupokea. Usipande ndege saini hazijatimia. Mkifika kule mkabadilisha somo, na wengi mtabadilisha, kuna sehemu ya mabadiliko kwenye mkataba huo huo, nayo inataka saini tatu upya. Fanyeni siku ile ile, kwa barua pepe, na barua pepe hizo msizifute. Somo lisilo na mwenzake kwenye idara yenu liombeeni lihesabiwe kama somo la kuchagua, na ombi hilo lifanyike sasa, mkuu wa idara akiwa bado huyu huyu mnayemjua.

Kisha krediti, na hapa naomba hata wazazi msikilize. Kule krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, yaani darasani, maktaba, kuandika na kujisomea kwa pamoja. Somo la kawaida lina krediti 6, na muhula kamili ni krediti 30, masomo matano. Kwetu Tanzania, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10, na mwaka mmoja ni krediti 120. Je, somo moja la Granada la krediti 6 ni krediti ngapi za huku? Ukihesabu kwa saa, 6 mara 25 ni 150, gawa kwa 10, unapata 15. Ukihesabu kwa mwaka, wao wana 60 na sisi 120, kwa hiyo zidisha mara mbili, unapata 12. Hesabu zote mbili ni halali. Lakini kwa masomo matano tofauti yake ni krediti 15, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu hizo zinaweza kuwa ndizo zinazomzuia kuvaa joho. Muulizeni msajili anatumia ipi, ajibu kwa maandishi.

Na alama vilevile. Wao wanapima kwa 0 hadi 10. Kuanzia 5 umefaulu, hiyo ni aprobado. 7 hadi chini ya 9 ni notable. 9 na kuendelea ni sobresaliente. Mtu wetu akipata 7 analia, kumbe mwenyeji aliyekaa naye amepata 6 na anafurahi. Idara ikiibadilisha 7 kwa kuiandika 70 bila kujua uzito wake kule, inaweza kukushushia wastani. Jedwali la kubadilishia alama liwepo kabla ya safari.

Wazazi, tiketi. Msikate tiketi ya kurudi ya Desemba ili mtoto awahi Krismasi. Masomo ya muhula wa kwanza yana mitihani Januari. Kijana mmoja niliyekuwa naye alikatiwa tiketi ya tarehe 20 Desemba na baba yake kwa mapenzi tu, na kuibadilisha tiketi ile kulikuwa karibu bei ya tiketi mpya. Sikukuu ile tulikula pamoja wali wa nazi. Nazi ya kopo, lakini tulikula. Mtoto wenu hatakuwa peke yake.

Naona kuna wawili watatu hapa ambao hawaendi Hispania. Anayekwenda Chile, mwaka wa masomo kule unaanza Machi, na alama zao ni 1 hadi 7, unafaulu kwa 4. Argentina nao wanaanza Machi, na kwenye vyuo vingi 4 kati ya 10 inakupitisha. Mexico mara nyingi unahitaji 6 kati ya 10, Colombia 3 kati ya 5. Msije mkaichukua hesabu niliyoitoa hapa ya Granada mkaipeleka Santiago, Chile. Yanayobaki ni yale yale: hati ya somo, ratiba, masikio, mahali, saini.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha na chai iko tayari. Walio na orodha zao, hata kama ni za kuandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari, zileteni hapa mbele na chai yenu mkononi. Nina kompyuta, intaneti ya hapa inafanya kazi, tutafungua guía docente ya kila somo moja moja. Nimemwomba mlinzi asifunge ukumbi mpaka saa nne. Tuanze na yule aliyesema ana masomo mawili ya Jumatatu asubuhi.